Mpeni Papa Mji

Wanangu, katika mji huu nimeona mambo mengi yakigeuka. Nimeona lava ikifunika mitaa na watu wakijenga tena juu yake, kuta za nyumba mpya zikitoka katika mawe yale yale yaliyochoma zile za kwanza. Nimeona makala yakipanda bei, yakashuka, yakapanda tena. Lakini liko jambo moja ambalo halijageuka tangu ujana wangu, nalo ni namna tunavyokula jioni. Maji yanapita, watu wananawa, sala inasemwa, bugali unakatwa, na baada ya hapo hakuna anayesikia sauti ya mwenzake mpaka mmoja aseme, "Ongeza sombe." Sahani ikiisha, kila mtu anashika njia yake.

Sisemi haya kwa hasira. Najua yanakotoka. Mama aliyeamka gizani kuwahi soko la Kituku, akagombania mizigo inayoshuka kutoka Idjwi na Minova, akakaa na bidhaa zake juani mpaka jioni, harudi nyumbani akiwa na hamu ya kuhutubia. Baba aliyeteremka na chikudu yenye viazi tangu Kibumba, mabega yanamuuma, na huenda deni la mwenye nyumba linamsubiri mlangoni. Tena katika nyumba nyingi za Goma chakula chenyewe ni kimoja kwa siku, na mwenye njaa hana miiko: kazi ya kwanza ni ya mkono, ulimi utafuata baadaye ukipata nafasi.

Na tulilelewa hivyo. Mtoto hakusema mbele ya chakula, na sababu zilikuwepo. Miiba ya samaki ni sababu. Heshima ya mgeni ni sababu. Na ile sahani moja ya watoto sita, hiyo ilikuwa sababu kubwa kuliko zote, kwa kuwa aliyeanza kusimulia alimaliza sentensi yake akakuta nyama imekwisha. Nimewacheka wengi wa namna hiyo. Mtoto mwenye domo alikonda, mtoto bubu alinenepa, na wote wawili walijifunza kwamba kunyamaza kunalipa.

Lakini kuna kitu tumesahau, na hapo ndipo ninapotaka mkae nami kidogo. Kimya kile cha zamani hakikuwa peke yake. Baada ya sahani kuondolewa watu hawakutawanyika. Moto ulibaki, na wazee walibaki karibu na moto, na watoto walibaki karibu na wazee. Hapo ndipo vitendawili vilitegwa na hadithi zikatoka, hapo ndipo mtoto aliyenyamaza wakati wa kula aliruhusiwa kupayuka mpaka usingizi umchukue. Kula kulikuwa nusu ya jioni, maneno yakawa nusu ya pili. Sisi tumehamia mjini tukaja na nusu moja tu. Kimya tumekibeba vizuri sana, moto tumeuacha kijijini. Mbabula iko nje au kwenye kona, ikishaivisha inazimwa ili makala yabaki ya kesho. Mkubwa anatoka kwenda kwa wenzake, wa pili ameinamia simu, wadogo wanalala chumba kimoja na wageni, baba anahesabu mafranka. Saa ya sahani ndiyo saa pekee iliyobaki ambapo watu wote wa nyumba wako mahali pamoja na hakuna anayekimbia, maana hakuna anayekimbia bugali.

Kwa hiyo nasema mchezo wa motoni uhamie kwenye sahani. Nasema mchezo, sisemi maongezi, kwa sababu maongezi tumeyajaribu na matokeo yake nayajua kwa moyo. Baba anasafisha koo. "Shule iko namna gani?" "Muzuri." Kimya. "Mwalimu alikuja?" "Alikuja." Kimya kingine. Baba anamtazama mama kana kwamba anasema, umeona, nimejaribu. Swali hilo limeulizwa katika nyumba za mji huu tangu nyumba ziwepo, na jibu ni lile lile, kwa sababu mtoto si mjinga. Anajua kwamba jibu refu linaleta swali la pili, la pili linaleta bulletini, na bulletini inaleta mkono. "Muzuri" ni neno lisilopigwa. Mtoto aliyejificha ndani yake humtoi kwa swali jingine. Utamtoa kwa mchezo, kwa sababu kwenye mchezo anasahau kwamba anaulizwa.

Anzeni na kile mnachokijua. Kitendawili! Tega! Katika nyumba zinazosema Kinyarwanda anayetega husema "Sakwe sakwe!" na wenzake hujibu "Soma!", Wahunde, Wanande na Wabashi nao wana vyao, na nyumba yenye mama wa huku na baba wa kule ina utajiri maradufu. Msingoje vile vya vitabuni. Tungeni vya Goma. Mzee hukaa mlimani peke yake na kila usiku kiko chake kinawaka: Nyiragongo. Punda wangu hali majani wala hanywi maji, nikimpanda mteremkoni anapiga kelele: chikudu. Na hiki ninakipenda kuliko vyote: alikuja ziwani mgeni, leo ndiye mwenye nyumba. Watoto watahangaika nacho. Jibu ni sambaza, wale wale walio katika bakuli mbele yao. Zamani hawakuwepo Kivu. Walitolewa Tanganyika wakamwagwa ziwani mwetu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo taa za wavuvi wanaowafuata usiku zinaonekana kutoka ufukweni. Mtoto aliyekula sambaza maisha yake yote ataitazama sahani upya, halafu atauliza, "Kabla yao watu walikula nini?" Hapo mzazi amepata swali lililotoka kwa mtoto mwenyewe. Ni bidhaa adimu. Asilipoteze kwa kusema nyamaza ule.

Uzuri hasa wa kitendawili, lakini, hauko kwenye jibu. Uko kwenye mji. Waliolelewa na vitendawili wanajua: wakishindwa kutegua, mtegaji anadai, "Nipeni mji." Wanampa mji, na akiukubali, anasafiri mpaka huko kwa maneno, anasimulia alichokiona na alichokula, ndipo anatoa jibu. Watoto wa leo wanaruka hapo. Wakishindwa wanasema tu, "Tuambie." Msikubali. Mji ndio nyama ya mchezo huu.

Nilikaa na jirani zangu jioni moja, baba mtu mpole asiyesema, ambaye watoto wake walimjua kwa kikohozi chake tu. Alitega kitendawili kwa kulazimishwa na mke wake. Watoto wakashindwa. "Nipeni mji," akasema. Wakampa Kinshasa, akakataa, wakampa Bukavu, akakataa. Mdogo akampa Masisi, bila kuwaza. Yule baba akakubali. Akaenda Masisi pale pale juu ya mkeka: akapanda vilima, akakuta ng'ombe kwenye ukungu wa asubuhi, akakuta mama yake anakamua, akaonja fromaji ikiwa bado laini, akaingia katika nyumba aliyoikimbia akiwa kijana na akaeleza mlango wake ulikuwa upande gani. Watoto waliacha kula. Kijana wa kwanza, aliyekaribia miaka ishirini, hakuwa amewahi kusikia kwamba baba yake alikuwa na nyumba kwingine. Aliuliza, "Papa, na mbwa je, mlikuwa na mbwa?" Walikuwa naye. Chakula kilipoa, na hakuna aliyelalamika.

Fikirini ni nyumba ngapi za mji huu ambazo baba ana Masisi yake, au Rutshuru yake, au Walikale yake, na watoto hawajui. Goma imejazwa na watu waliofika wakibeba kidogo. Wengine waliletwa na biashara, wengi waliletwa na vita, tena na tena, na wale walioikuta amani kidogo wakaletewa moto na mlima: 10 Januari 1977, 17 Januari 2002, 22 Mei 2021. Mzazi anaona afadhali anyamaze, asiwapakulie watoto uchungu. Nia ni njema. Matokeo ni kwamba mtoto anakua kama hana kwao. Akiulizwa na wenzake anatoka wapi, anataja mtaa, Majengo au Mabanga, na nyuma ya hapo anaona giza. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kuokotwa na yeyote anayemwahidi kwamba yeye ni wa kwao.

Hata waliosoma mbali wamelikuta jambo hili. Huko Marekani wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Emory, Marshall Duke na Robyn Fivush, walirekodi mazungumzo ya familia wakati wa kula, wakawauliza watoto maswali 20 kuhusu habari za kwao: unajua babu na bibi zako walikulia wapi, unajua wazazi wako walikutana vipi, unajua balaa gani liliwahi kuipata familia yenu? Waliona kwamba watoto waliojua zaidi ndio waliojiamini zaidi. Ikaja 11 Septemba 2001, nchi yao ikatikiswa. Wakawarudia watoto wale wale, na wale wenye kujua habari za nyumbani kwao ndio waliokuwa wamestahimili vizuri. Duke mwenyewe alionya watu wasikimbilie kuwakaririsha watoto majibu 20. Nguvu haiko katika majibu, iko katika zile jioni nyingi ambazo majibu yalitolewa kidogo kidogo. Angalieni pia kwamba balaa lilikuwa mojawapo ya maswali. Watoto hao hawakufichwa ubaya. Waliambiwa ubaya, pamoja na namna jamaa zao walivyoutoka.

Kuna mchezo mwingine mdogo ninaoudai kwa nguvu kuliko yote, hasa kwa wenye watoto wa miaka mitatu, minne, mitano. Kabla ya tonge la kwanza, mdogo wa nyumba ajitangaze kama mtu mkubwa: jina lake lote, jina la baba, jina la mama, mtaa, avenu, na namba ya simu ya mmoja wenu, akiiimba kwa sauti yoyote anayoitaka. Wakubwa wampigie makofi. Akikosea, arudie, na akipatia, yeye ndiye wa kwanza kuingiza mkono katika bakuli. Ni mchezo wa dakika moja. Sasa kumbukeni Jumamosi ile ya Mei 2021, mbingu ilipogeuka nyekundu karibu saa moja jioni, saa yenyewe ya kuandaa chakula. Watu walikimbia kuelekea Sake, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, usiku, mkono umeshika mkono kisha umeachia. Kesho yake UNICEF ilieleza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Mtoto wa miaka minne akiokotwa barabarani na kuulizwa baba yake anaitwa nani, anajibu "Papa." Mama anaitwa nani? "Mama." Anaishi wapi? "Kwetu." Hajakosea hata kimoja, na hakuna hata kimoja kinachosaidia. Anayetafuta wazazi, awe wa Msalaba Mwekundu au mama mwema wa njiani, lazima aanze na jina. Mlima bado uko pale pale. Na Januari 2025, vita vilipoingia mjini, barabara zilijaa tena. Mfundisheni mtoto jina lenu akiwa anacheka, kabla hajalihitaji akiwa analia.

Mchezo wa soko mnaujua, au mtaujua sasa hivi. Wa kwanza anasema, "Nilienda Virunga nikanunua lengalenga." Wa pili: "Nilienda Virunga nikanunua lengalenga na chumvi." Wa tatu anataja vyote viwili na kuongeza chake, mpaka mzigo uwashinde. Huu ni mwepesi, sitaukalia. Nautaja kwa sababu moja: huwezi kuucheza bila kusikiliza. Mzee wa nyumba aliyezoea kusikilizwa ndiye huanguka mapema, amesahau mafuta ya mawese yaliyotajwa na binti wa miaka saba, na binti huyo anajua kwamba leo maneno yake yalikuwa na uzito hata baba ameadhibiwa kwa kuyasahau. Adhabu iwe ndogo. Aoshe sahani.

Wa mwisho ni tamu na chungu. Kila mmoja anataja kitu kimoja kitamu cha siku yake na kimoja kichungu. Aanze mkubwa. Nasisitiza aanze mkubwa, tena aseme kweli: "Tamu yangu leo, niliuza makemba yote. Chungu yangu, mteja alinitukana nikashindwa kujibu." Mtoto akisikia kwamba hata mama ana kichungu, cha kwake kinapata ujasiri. Mkianza na mtoto mmerudi kwenye "Shule iko namna gani," mmebadilisha kanga tu.

Na hapa ndipo wengi huharibu, nimeona kwa miaka. Mtoto anasema, "Chungu yangu, nilipoteza feza ya buku." Mkono wa baba unaruka kabla ya akili yake. Kofi moja, dakika moja, na mlango uliofunguka kwa wiki tatu umefungwa, pengine kwa miaka. Kwa hiyo wekeni sheria na mzazi awe wa kwanza kuiheshimu: lililosemwa kwenye sahani halihukumiwi kwenye sahani, wala usiku ule. Hela iliyopotea imepotea, kofi haliirudishi. Likiwa kubwa zaidi, mtoto akitaja mtu anayemtisha njiani, au anayemgusa, usipige kelele, usisimame, usiwaite majirani. Mwambie, "Asante kwa kuniambia," maliza tonge lako, kisha baada ya wengine kulala mwite pembeni umsikilize mpaka mwisho. Mtoto anayemwona mzazi wake analipuka anafuta maneno yake yote na kusema alikuwa anatania. Namjua mama aliyegundua mwezi wa tatu kwamba mwanawe alikuwa hafiki darasani tangu Krismasi. Mtoto alifukuzwa kwa ajili ya ada, akaona haya kumwongezea mama mzigo, akawa anavaa nyeupe na bluu kila asubuhi na kushinda ziwani. Jioni alikula, akaulizwa, akajibu "Muzuri." Mama yule alilia zaidi kwa hilo neno kuliko kwa miezi iliyopotea. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Msitegemee jioni ya kwanza. Maneno ya nyumba ni sombe: yanataka kutwangwa na kukaa motoni sana, na ukiyaepua mapema yanabaki machungu na kuumiza tumbo. Jioni ya kwanza watoto watachekana. Ya pili mtu atanuna. Jioni nyingine hakutakuwa na nguvu kabisa, mtakula mkalale, na hakuna dhambi hapo. Jioni ambayo chakula hakikutosha, msilazimishe mchezo, mtoto mwenye njaa anaonewa akitakiwa kuchekesha. Mara mbili kwa wiki zinatosha kabisa. Na kama bado mnakula sahani moja, wagawieni wadogo nyama yao pembeni kwanza, la sivyo msimulizi ataliwa sehemu yake na mchezo utaishia kwa machozi.

Kijana wa miaka kumi na sita atakataa. Atasema ni mambo ya watoto. Msimbembeleze na msimtukane, mpeni kazi: yeye ndiye mwamuzi, ndiye ahesabu alama, ndiye aseme kama kitendawili kimeteguliwa sawasawa au la. Hakuna kijana anayekataa cheo. Baada ya siku chache atabishana na uamuzi wake mwenyewe na kutega cha kwake.

Kuhusu simu, sina ugomvi nayo. Nyumba nyingi baba hayupo, yuko machimboni Walikale au anatafuta maisha Kampala, na watoto wanamjua kwa hela anazotuma. Mpangie saa ya chakula. Wekeni simu katikati ya mkeka, sauti iwe juu, mtoto mmoja amtegee kitendawili. Atashindwa, amekuwa mbali na mambo haya muda mrefu. Lakini jioni inayofuata zamu ya kutega iwe yake, nanyi mkishindwa mpeni mji aliozaliwa, na msikate laini mpaka afike.